Maji, miguu na shukrani: Funzo kutoka bwawa la Ladybower

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, katika Suratur-Rum, aya ya 50, Mwenyezi Mungu (S.W.) anatutaka tuzitazame athari za rehema Yake, namna anavyoihuisha ardhi baada ya kufa kwake. Sisi tuliokulia katika nchi za masika na vuli huikumbuka aya hiyo mvua ya kwanza inapolowesha vumbi. Katika nchi za baridi ardhi hufa kwa njia nyingine: jua hupungua nguvu, miti hupukutisha majani yote, na inapofika Machi ndipo uhai huanza kurejea. Tulijaaliwa kuyashuhudia hayo Jumamosi ya kwanza ya Machi mwaka 2023, katika mwezi wa Shaaban 1444, tulipokuwa wageni wa familia moja ya Kiislamu mjini Leicester, Uingereza.

Mwenyeji wetu alizaliwa Kampala. Alitoka huko mwaka 1972 akiwa mtoto mdogo, yeye na wazazi wake, miongoni mwa Waasia waliofukuzwa na Idi Amin. Kiswahili bado anakisema. Daktari alikuwa amemwonya kwamba sukari katika damu yake inapanda, na kwamba dawa peke yake haitamfaa asipoutumikisha mwili. Miaka miwili ilikuwa imepita tangu onyo hilo, naye hakufanya lolote.

Usiku wa Ijumaa, baada ya chakula, binti yake anayesoma chuo kikuu akasema kwamba kesho yake anakwenda kukimbia katika njia inayozunguka bwawa la Ladybower, huko Derbyshire, na akamwomba baba yake afuatane naye. Baba akacheka. "Mwanangu, mbio ni za watoto. Sheikh huyu ni rika langu. Muulize kama ni heshima kwa mtu mzima kukimbia porini."

Hatuna budi kukiri kwamba jibu tulilokuwa nalo mdomoni lilikuwa kama la baba. Lakini binti alituwahi, akauliza kwa adabu: "Samahani, Sheikh. Mtume (S.A.W.) alikuwa na umri gani aliposhindana mbio na Bibi Aisha?"

Tukanyamaza kidogo, kwani jibu tulilijua.

Mtume (S.A.W.) alikimbia

Imepokewa na Abu Daud na Imam Ahmad kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba alikuwa safarini pamoja na Mtume (S.A.W.), wakashindana mbio na yeye Aisha akashinda. Baadaye, alipokuwa amenenepa, walishindana tena na Mtume (S.A.W.) akashinda, akamtania kwamba ushindi huo ni malipo ya ule wa kwanza. Sasa tuhesabu. Mtume (S.A.W.) alihamia Madina akiwa na umri wa miaka 53 hivi, na Bibi Aisha aliingia nyumbani kwake baada ya hijra. Basi aliyekimbia alikuwa mtu aliyepindukia miaka 50, kiongozi wa umma na mpokeaji wa Wahyi, na heshima yake haikupungua hata chembe. Vilevile katika Sahihi Muslim imo habari ya Salama bin Al-Akwa (R.A.), aliyeomba ruhusa ya Mtume (S.A.W.) kushindana mbio na mtu wa Kiansari hadi Madina, akaruhusiwa.

Mipaka ipo, nayo inajulikana: stara ilindwe, Swala isipotee, kamari isiingie, na mtu asiidhuru nafsi yake. Ndani ya mipaka hiyo, anayekataza ndiye anayetakiwa kuleta dalili. Sisi hatukuwa nayo. Tukamwambia mwenyeji wetu: "Ndugu yangu, kesho tunakwenda sote."

Kijiji chini ya maji

Bwawa la Ladybower lilijengwa kati ya mwaka 1935 na 1943, na Mfalme George wa Sita akalifungua rasmi Septemba 1945. Linabeba zaidi ya mita za ujazo milioni 27 za maji. Ili lijae, vijiji viwili, Ashopton na Derwent, vilihamwa na kuzamishwa. Wafu waliozikwa katika kanisa la Derwent walifukuliwa wakazikwa upya katika kijiji cha Bamford. Daraja la kale la mawe lilibomolewa, na mawe yake yakahifadhiwa hata likajengwa tena juu zaidi bondeni mwaka 1959. Maji ya bonde hilo husafiri kwa mabomba mpaka Derby, Nottingham na Leicester. Kwa maneno mengine, maji aliyotilia udhu mwenyeji wetu miaka yote hiyo yana asili katika bonde ambalo watu walilazimika kulihama.

Tulianza saa tatu asubuhi mahali paitwapo Fairholmes, tukashika ukingo wa mashariki. Njia yote ya mzunguko tulioufuata ni kama kilomita tisa. Baridi ilikuwa kali. Miti mingi ilikuwa bado mitupu, lakini ukiyasogelea matawi uliviona vitumba vimeshaanza kuvimba. Binti alitangulia na hijabu yake, akirudi kila mara kutuangalia. Sisi wawili tulikimbia kidogo, tukatembea kidogo, tukihema kama wavuta mkokoteni.

Tulipofika juu ya mahali palipokuwa kijiji cha Derwent, binti alituonyesha majini. Akatueleza kwamba katika ukame wa mwaka 2022 maji yalishuka, mabaki ya majengo yakaonekana. Baba yake alisimama muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ndogo: "Hawa nao walitoka na vilivyobebeka. Sisi hata makaburi yetu tuliyaacha. Nimekunywa maji haya miaka hamsini, na sikuwahi kuuliza yanatoka wapi."

Ndugu zetu, maneno hayo yalituingia kuliko hotuba nyingi. Katika Suratut-Takaathur tumeonywa kwamba siku hiyo tutaulizwa juu ya neema. Maji ni neema. Miguu ni neema. Katika Suratu Saba tumesimuliwa watu waliopewa bustani mbili na riziki njema, wakaambiwa washukuru. Walipopuuza, waliletewa mafuriko ya bwawa lililobomoka, bustani zao zikageuka miti ya matunda machungu.

Udhu wa chupa moja

Adhuhuri ilitukuta tumerejea Fairholmes. Kuogelea bwawani kumekatazwa, nasi tulikuwa na chupa za maji tulizojaza bombani Leicester. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Anas (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitia udhu kwa mudi moja ya maji, nayo haifiki lita moja. Basi kila mmoja akatia udhu kwa chupa yake. Viatu vyetu vya mbio havikufunika vifundo, kwa hiyo hatukupata ruhusa ya kupaka juu yake kama khofu; tuliosha miguu katika baridi ile, na mwenyeji wetu akaichunguza vidole hadi nyayo, kama alivyoagizwa na daktari. Kwa kuwa safari yetu kutoka Leicester ilizidi kilomita 90, tulikusanya na kupunguza Adhuhuri na Alasiri, tukaswali juu ya majani, kwani ardhi yote imefanywa msikiti kwa umma huu.

Wazazi wenzetu, wengi wetu humwonya kijana kuhusu mali ya haramu, na tunafanya vyema. Lakini katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, miongoni mwa mambo ambayo mja ataulizwa Siku ya Kiyama ni mwili wake, ameuchakaza katika nini. Mwenye sukari au shinikizo la damu aanze kwa ushauri wa daktari na kwa hatua chache. Asiyekuwa na bwawa la kulizunguka ana barabara ya mtaani baada ya Alfajiri. Na mtoto akija na dalili njema, mzazi asione haya kuifuata.

Ramadhani ya mwaka ule ilipoingia, mwenyeji wetu alitupigia simu. Alisema anakwenda msikitini kwa miguu kila usiku kwa ajili ya Tarawehe, yeye na binti yake, na kwamba bomba la maji hulifunga kila anapopaka kichwa.

Mwenyezi Mungu (S.W.) atujaalie kuwa miongoni mwa wanaozitambua neema kabla hazijaondoka, na aifanye miili yetu kuwa msaada katika kumtii. Amin.