Mbwa Safarini na Nyumba za Kutua

Msafiri atokaye London kwa gari kwenda Cornwall, jimbo la England lililochomoza baharini upande wa kusini-magharibi, hukata masafa ya zaidi ya kilomita 300; na ikiwa nyuma yake yumo mbwa, aliyefungwa ukanda au kuzuiliwa vinginevyo kama kanuni za barabara za nchi hiyo ziagizavyo, basi aghalabu mwenye kutaabika zaidi si yule aliyeshika usukani, bali ni yule asiyeweza kunena. Kanuni hizo zamnasihi dereva apumzike walau dakika 15 kila baada ya saa 2, nami naona kwamba kuzipoteza dakika hizo juu ya lami ya kituo cha petroli ni kumdhulumu mnyama aliyevumilia kimya.

Kando ya barabara ya A30, katikati ya nyika ya Bodmin huko Cornwall, ipo nyumba ya wageni iitwayo Jamaica Inn, iliyojengwa mwaka 1750, ambayo Daphne du Maurier aliipatia sifa kwa riwaya yake ya mwaka 1936 yenye jina hilo hilo. Wengi huikumbuka kwa habari za wavushaji magendo. Mimi huikumbuka kwa kuwa ilikuwa kituo cha magari ya farasi, mahali ambapo wanyama waliochoka walifunguliwa, wakanyweshwa, wakabadilishwa, hata ikawa pumzi ya farasi ndiyo iliyoamua binadamu atue wapi. Mbwa alalaye leo chini ya meza ya nyumba kama hiyo amerithi haki ya kale.

Msomaji wa pwani huenda akastaajabu, madhali kwetu mate ya mbwa ni najisi na makao yake ni uani. Lakini Waingereza wengi humhesabu katika aila, na baa zao za vijijini, wanazoziita pabu, ambamo watu hula chakula cha mchana na kunywa chai sawasawa na bia, mara nyingi humwekea bakuli la maji mlangoni. Si zote zimpokeazo, na nyingine humruhusu penye vinywaji na kumzuia chumba cha kulia, kwa hiyo adabu ni kuuliza kabla ya kuingia.

Matembezi na yatangulie chakula. England na Wales zina njia za umma za matembezi zipitazo kilomita 200,000 kwa jumla, nyingine zikikata mashamba ya watu kwa haki ya sheria, nazo zile za miguu pekee hutambulikana kwa mshale wa manjano. Na ramani za Ordnance Survey, shirika la ramani la nchi hiyo, huzionyesha pamoja na pabu zenyewe, kwa herufi PH. Nyikani Bodmin hulishwa kondoo, ng'ombe na farasi wadogo, basi karibu nao mbwa hana ruhusa ya kuwa huru. Na tangu 1 Machi hadi 31 Julai, katika ardhi iliyofunguliwa kwa umma, kamba yake isizidi mita 2, kwa ajili ya ndege watagao chini. Ng'ombe wakikufukuza, mwachilie mbwa, kwani yeye atawashinda mbio nawe utasalimika. Mrudipo, mpekue kupe.

Siku ya joto la nyuzi 22 tu, ndani ya gari lililofungwa joto laweza kufika nyuzi 47 kwa muda wa saa moja. Pabu isiyompokea mbwa wako, ipite; usimfungie garini nawe ukaenda kula.