Kinshasa ni saa ngapi kwa ndege?

Wamama wapendwa, katika mikutano yetu swali hili linarudi kila mara mtoto anapojiandaa kwenda masomo: mpaka Kinshasa ndege inachukua saa ngapi? Wengi bado tunajibu kama zamani, saa mbili. Kisha simu isipolia jioni, nyumba nzima inakesha ikilia bure.

Jibu la zamani lilikuwa la kweli. Kwa mstari ulionyooka, Bukavu mpaka Kinshasa ni karibu kilomita 1,500, na ndege kubwa hukimbia kama kilomita 800 kwa saa. Sisi wa Katogota tulipanda Ngomo, tukapita Bukavu, tukafika Kavumu, basi. Lakini mwezi wa pili 2025 vita ilifika Kavumu na ndege za abiria zikasimama.

Tangu hapo wengi wameteremka Uvira, wakavuka mpaka, wakapandia ndege Bujumbura. Kutoka hapo msafiri anapitishwa Addis Ababa au Nairobi. Tazameni ramani: Kinshasa iko magharibi, yeye anapelekwa mashariki! Bujumbura mpaka Addis Ababa ni karibu kilomita 1,700, na Addis Ababa mpaka Kinshasa karibu 3,000. Hiyo ni mara tatu ya njia iliyonyooka. Kwa Nairobi ni nafuu, kama 3,300 kwa jumla. Kwa njia ya Addis Ababa, muda wa angani peke yake ni kama saa sita na nusu, na kungojea ndege ya pili kunaweza kula usiku mzima. Mnapotoa pesa ya likelemba kwa tiketi, hesabuni na chakula cha kungojea.

Tena, Mkongomani anayekwenda mji mkuu wa nchi yake kwa njia hiyo anahitaji paspoti, pamoja na kadi ya njano ya chanjo. Ndiyo sababu wengine wanaona afadhali boti mpaka Kalemie, karibu kilomita 280 ziwani, wakatafute huko ndege ya ndani ya nchi.

Linalotuchanganya zaidi ni saa zenyewe. Tiketi huandika saa ya kila mji. Addis Ababa iko mbele yetu kwa saa moja, na Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Tuseme mtoto anaondoka Addis Ababa saa nne na nusu asubuhi na tiketi inasema atafika saa sita na nusu mchana. Mtadhani ni saa mbili, kumbe ni nne. Wakati huo saa ya ukutani hapa Katogota inasoma saa saba na nusu.

Kwa hiyo kabla hajaondoka, kaeni naye, muandike kwenye karatasi saa ya kufika kwa hesabu ya hapa nyumbani, na muongeze saa moja au mbili za kutoka uwanjani Ndjili. Karatasi hiyo ibaki kwa bibi, maana ndiye wa kwanza kuuliza.