Jiko la Makaa Chumbani: Hesabu Ndogo ya Kuokoa Maisha

Msimu wa baridi ukifika, wakaazi wengi huingiza jiko la makaa chumbani usiku ili kupata joto. Kabla ya kufunga mlango na dirisha, tufanye hesabu ambayo wanafunzi wetu wa sekondari huifanya darasani.

Sehemu kubwa ya makaa ni kaboni. Hewa ikitosha, mlinganyo ni huu: C + O₂ → CO₂. Moli 1 ya kaboni (gramu 12) hutumia moli 1 ya oksijeni (gramu 32). Kwa hivyo kilo 1 ya kaboni huhitaji 32 ÷ 12, yaani karibu kilo 2.7 za oksijeni. Chumba cha mita 3 kwa 3, chenye kimo cha mita 2.5, kina takriban kilo 6 tu, na wanaolala humo wanaipumua hiyo hiyo.

Oksijeni ikipungua, uwiano hubadilika: 2C + O₂ → 2CO. Sasa moli 1 ya oksijeni hutoa moli 2 za kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi wala harufu, na huzuia damu kubeba oksijeni. Mtu huumwa na kichwa, huhisi kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyelala huenda asiamke.

Usilale na jiko ndani, hata kama moto umefifia. Mkihisi dalili hizi, fungueni mlango, tokeni nje nyote na mwende hospitali iliyo karibu mara moja.