Saraka na Nafasi ya Diski: Tarakilishi kwa Mfano wa Boma la Kombewa

Makala haya yanafafanua jinsi tarakilishi inayoendeshwa kwa mfumo wa jamii ya Unix, kama vile Linux, inavyopanga saraka zake, na namna ya kuihudumia diski inapojaa. Mada hii aghalabu huachiwa wanasayansi wa tarakilishi, ilhali wanafunzi wa Kiswahili ndio wanaotarajiwa kuipa msamiati. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa programu ya Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulidhihirisha kwamba kazi hiyo yawezekana. Hata hivyo, istilahi isiyofafanuliwa haimfai mtumiaji.

Kombewa, katika eneo la Seme, kaunti ya Kisumu, pana sababu ya kuijadili mada hii. Kati ya mwaka 2009 na 2014, kituo cha utafiti cha KEMRI na Walter Reed kilichoko huko kilikuwa miongoni mwa vituo 11, katika nchi 7 za Afrika, vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S. Watoto zaidi ya 15,000 walishiriki, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo. Sampuli ya damu iliyotolewa siku fulani haiwezi kutolewa tena siku ile ile. Hifadhidata yoyote inayotunza rekodi za aina hii, diski ikijaa, hukataa kuandika. Na mhudumu asiyezijua saraka aweza kuzifuta rekodi zenyewe akidhani anaondoa takataka.

Mpangilio wa saraka waweza kufananishwa na dala, yaani boma la Waluo. Dala ina ua mmoja na lango moja. Nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, hulielekea lango, na simba za wana wa kiume hujengwa karibu na lango. Hakuna anayejenga apendapo. Vivyo hivyo, katika Unix kila kitu kimo ndani ya ua mmoja unaoandikwa kwa mkwaju: /. Simba za watumiaji zimo katika /home. Kanuni za boma, yaani mipangilio ya mfumo, zimo katika /etc. Ghala ni /var, panapoingia shajara za mfumo, barua, na mara nyingi hifadhidata. /tmp ni kibanda cha muda, na anayeweka humo kitu cha thamani asishangae kikitoweka.

Jina la /usr lina historia ya kupendeza. Husimuliwa kwamba mnamo mwaka 1971, mfumo wa Unix uliokuwa ukiundwa katika maabara ya Bell, Marekani, ulizidi ukubwa wa diski ya kwanza, ukafurikia diski ya pili iliyokuwa na faili za watumiaji. Programu zikabaki huko hadi leo, na watumiaji wakahamia kwingine. Kumbe sehemu ya mpangilio unaofundishwa kama kanuni ni matokeo ya diski kujaa!

Diski ikijaa, hatua ya kwanza ni kupima, si kufuta. Amri ya df -h huonyesha ni sehemu ipi ya diski iliyojaa. Amri ya du -sh huonyesha uzito wa kila saraka inayotajiwa. Mara nyingi mkosaji ni /var/log, ambamo shajara hukua usiku na mchana. Shajara zikabidhiwe programu ya logrotate, ambayo huzizungusha, huzibana na kuziondoa zilizopitwa na wakati. Katika Debian na Ubuntu, apt-get clean huondoa faili za vifurushi zilizopakuliwa, bila kugusa programu zilizokwisha kusakinishwa. Lakini /var/lib isiguswe kwa mkono, maana ndimo hifadhidata nyingi zinamokaa. Aidha, /usr/lib si takataka hata ikiwa nzito kiasi gani.

Yapo mambo mawili yanayowatatanisha hata wazoefu. Mosi, faili inaweza kufutwa na nafasi isirudi: kilichoondolewa ni jina tu, na programu inayoendelea kuitumia huizuia hadi ifungwe. Amri ya lsof +L1 huifichua. Pili, diski yaweza kukataa faili mpya ilhali nafasi ipo, kwa sababu inodi, yaani vitambulisho vya faili, zimekwisha. Hilo hutokana na mamilioni ya faili ndogondogo, na huonekana kwa df -i.

Kinga bora ni kuitengea /var sehemu yake ya diski, ili ghala likifurika lisiufurishe ua wote. Sehemu hiyo huunganishwa na saraka iliyopo. Kwa tendo hili kitenzi pachika kingefaa sana, kwa kuwa kinyume chake, pachua, kimo tayari katika lugha: diski ikipachuliwa, saraka husalia mahali pake, kwa kawaida ikiwa tupu, ikingoja kupachikwa tena.