Kabla Hujafomati Kadi

Nyimbo zikitoweka kwenye simu au kompyuta, jambo la kwanza wanalolifanya wengi ndilo linalozimaliza kabisa. Mmoja anafomati kadi ya memori kwa sababu ameambiwa ina virusi. Mwingine anaiondoa programu ya muziki na kuiweka upya. Wa tatu anaanza kupakua nyimbo zote tena, juu ya kadi ileile. Kila tiba kati ya hizo ina siku yake, lakini zote tatu zinachukulia kwamba wimbo usioonekana ni wimbo usiokuwepo. Mara nyingi sivyo. Wimbo uko palepale ulipowekwa, kilichokatika ni njia ya kuufikia, na anayeanza kwa kufuta anauondoa mwenyewe wimbo ambao ulikuwa bado haujaondoka.

Maktaba ya muziki ya kidijitali ni vitu viwili vinavyokaa mahali tofauti. Kuna mafaili yenyewe, yaani sauti iliyohifadhiwa ndani ya folda, na kuna orodha ambayo programu imejitengenezea baada ya kuyapitia mafaili hayo: jina la wimbo, msanii, albamu, na mahali faili lilipo. Ukifungua programu unaona orodha tu. Daftari la mwenye duka linaweza kuungua huku mchele ungali kwenye magunia. Kifaa kilichoonyesha jambo hili waziwazi ni iPod, iliyotolewa na Apple mwaka 2001. Ndani yake nyimbo zilitawanywa kwenye folda zilizofichwa zenye majina kama F00 na F01, na mafaili yakapewa majina ya herufi nne zisizo na maana yoyote. Majina halisi yalikaa kwenye hifadhidata moja ndogo. Hiyo ikiharibika, kioo kilisema hakuna wimbo hata mmoja ilhali diski ilikuwa imejaa. Simu za Android nazo zina hifadhidata yao, MediaStore: mfumo hupitia folda, huandika kila sauti uliyoiona, na programu nyingi za muziki husoma hapo badala ya kwenda kuzikagua folda zenyewe.

Kutokana na hilo, kipimo cha kwanza ni nafasi, nacho hakihitaji fundi. Fungua mipangilio ya simu uangalie hifadhi imetumika kiasi gani. Kama gigabaiti zilizokuwa zimeliwa na muziki bado zimeliwa, mafaili yapo na shida iko kwenye orodha. Kama nafasi imefunguka ghafla, basi kuna kitu kimefutwa, na hapo hatua zinazofuata ni nyingine kabisa. Baada ya nafasi, ingia kwenye programu ya kuonyesha mafaili na utafute wimbo mmoja kwa jina, au tafuta tu “mp3”. Ukiupata na ukalia, huna sababu ya kupakua chochote. Mara nyingi kuizima simu na kuiwasha kunatosha, maana simu ikiwaka mfumo huzipitia folda upya. Isipotosha, angalia kama ndani ya folda ya muziki kuna kifaili kinachoitwa .nomedia. Kifaili hicho hakina kitu ndani, lakini kuwepo kwake tu kunaiambia Android isiorodheshe sauti wala picha za folda hiyo na zote zilizo chini yake. Programu nyingi hukiweka ili picha zao zisijae kwenye matunzio, na mtu akinakili folda nzima kutoka simu moja kwenda nyingine hukihamisha bila kujua. Kwa kuwa jina lake linaanza na nukta, hakionekani mpaka uruhusu mafaili yaliyofichwa yaonekane. Kwenye kompyuta ya Windows mhalifu wa kawaida ni herufi ya diski. Diski ya nje iliyokuwa E jana ikachomekwa leo ikawa F, programu inaendelea kuzitafuta nyimbo kwenye E, na iTunes inaweka alama ya mshangao mbele ya kila wimbo. Elfu kumi zinaweza kuonekana zimekufa kwa mpigo, na kuirudisha herufi ya zamani kunazifufua zote kwa mpigo.

Kuna kundi jingine la nyimbo “zilizopotea” ambazo ziko kwenye mafaili na ziko kwenye orodha pia, ila zimekaa chini ya jina ambalo hakuna atakayelitafuta. Hapa ndipo wapenzi wa muziki wetu wa zamani wanapoumia zaidi, na ndipo ninapodhani watengenezaji wa programu hawakutufikiria. Faili la MP3 hubeba ndani yake maelezo yanayoitwa ID3. Toleo la kwanza, la mwaka 1996, lilikuwa na baiti 128 tu mwishoni mwa faili: herufi 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, nne za mwaka, na mabaki kidogo ya maoni na aina ya muziki. Matoleo yaliyofuata yaliongeza nafasi, lakini wazo lilibaki lilelile, kwamba msanii ni mmoja na jina lake ni moja. Sasa ichukue bendi iliyoanza mwaka 1964 kama NUTA Jazz, ikawa JUWATA Jazz, ikawa OTTU Jazz, na leo ni Msondo Ngoma. Kwa msikilizaji ni bendi moja yenye historia ndefu. Kwa programu ni wasanii wanne wasiojuana, na anayefungua Msondo Ngoma hatazikuta nyimbo za enzi ya NUTA hata akishuka mpaka chini. Mbaraka Mwinshehe naye huandikwa kwa jina lake, kwa Mwaruka, au kwa bendi yake ya Super Volcano, kutegemea nani aliliandika faili. Albamu za mkusanyiko, kama zile za mfululizo wa Zanzibara wa kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa, huvunjika vipandevipande ikiwa sehemu ya “msanii wa albamu” imeachwa wazi: kila mwimbaji anapata albamu yake ya wimbo mmoja. Bado hatujataja nyimbo zilizochomwa kwenye CD zikabaki na jina “Track 01”, wala zile zilizopakuliwa kwenye tovuti ambazo huandika jina la tovuti mahali pa msanii. Dawa yake ni kazi ya mkono. Programu ya bure iitwayo MusicBrainz Picard huweza kuusikiliza wimbo na kuutambua kwa alama za sauti yake, lakini hutambua tu kile ambacho mtu ameshakisajili. Kwa wimbo uliorekodiwa kutoka kwenye kaseti ya nyumbani, itabidi uandike mwenyewe, na uamue mara moja jina utakalolitumia siku zote.

Kadi za memori bandia ni jambo jingine kabisa, na hizi ndizo zinazodanganya hata kipimo cha nafasi. Kadi ya gigabaiti nane huchezewa ili ijitangaze kuwa na 64. Ukiingiza nyimbo, zinaingia bila kulalamika. Jedwali la majina hukaa mwanzoni mwa kadi, sehemu ambayo ni ya kweli, kwa hiyo majina yote yanaonekana na ukubwa wa kila faili unasomeka. Sauti yenyewe, ikivuka gigabaiti nane, imeandikwa hewani au imefunika nyimbo zilizotangulia. Dalili yake ni kwamba nyimbo za mwanzo zilikuwa zinalia vizuri, kisha ulipoendelea kujaza, zikaanza kukatika au kugoma moja baada ya nyingine. Programu kama H2testw kwenye Windows huijaza kadi kwa data za majaribio na kuzisoma tena, ikakuambia ukubwa wa kweli. Ifanyie kadi mpya kazi hiyo kabla hujaweka chochote. Ikiwa kadi ni halali na nyimbo zimefutwa kwa bahati mbaya, itoe kwenye simu mara moja na usiiandikie chochote. Kufuta huondoa jina kwenye jedwali, sauti hubaki mpaka kitu kingine kikae juu yake. PhotoRec, nayo ya bure, huyatafuta mafaili kwa kutambua maumbile yake na huyarudisha mara nyingi bila majina yake ya awali. Hapo maelezo ya ID3, tuliyoyalalamikia sasa hivi, yanakuwa mkombozi, kwa kuwa yako ndani ya faili na hurudi nalo. Kwa hifadhi ya ndani ya simu za kisasa matumaini ni madogo sana, kwani imefungwa kwa usimbaji na nafasi iliyofutwa husafishwa.

Wapo watakaosema huu ni usumbufu: wimbo ukipotea, pakua mwingine, bando la siku halizidi bei ya soda. Kwa wimbo uliotoka mwezi uliopita sina ubishi nao. Lakini kipindi cha redio kilichorekodiwa miaka thelathini iliyopita, kaswida za madrasa ya mtaani, au toleo la harusini la taarabu lenye beti zisizo kwenye santuri, havina mahali pa kupakuliwa. Na hata palipo na jina lilelile, mara nyingi kilichopo ni rekodi nyingine: iliyorudiwa na wanamuziki wengine, au iliyofupishwa kwa ajili ya redio.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaosikiliza kwa mtandao. Nani bado anahifadhi mafaili, wanauliza, wakati Spotify ilifika Tanzania, Kenya na Uganda mwaka 2021 na Boomplay ilishakuja ndani ya simu za Tecno zikiwa dukani? Mafaili hawana, ni kweli, ila orodha wanayo, na kilichobadilika ni kwamba upande wa pili wa orodha hiyo hauko mikononi mwao tena. Machi 2021 mamia ya nyimbo za Korea Kusini yalitoweka Spotify kwa siku kadhaa kwa sababu mkataba na msambazaji Kakao M ulikuwa umekwisha. Mwimbaji Neil Young aliondoa muziki wake hapo hapo Januari 2022 na kuurudisha 2024. Google Play Music ilifungwa mwishoni mwa 2020, na waliokuwa wamepandisha nyimbo zao wenyewe walipewa muda wa kuzihamishia YouTube Music kabla hazijafutwa. Hata wimbo “uliopakuliwa” ndani ya programu hizi si faili lako. Umefungwa, hauchezi nje ya programu, hufutika programu ikiondolewa, na Spotify inataka simu iingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo vilivyopakuliwa hugoma. Kwa hiyo uchunguzi wa huku unaanza na maswali mengine. Umeingia kwa akaunti ileile, au simu mpya imekufungulia nyingine kwa namba ya simu wakati ile ya zamani ilikuwa ya barua pepe? Umehama nchi, ukakutana na leseni tofauti? Wimbo umetolewa upya chini ya albamu nyingine, ukapata anwani mpya, na ile uliyoihifadhi ikafa? Spotify ina sehemu kwenye mipangilio inayoruhusu nyimbo zisizochezeka ziendelee kuonekana kwa rangi hafifu. Ikiwa imezimwa, wimbo huondoka bila kuaga na huwezi hata kujua ni upi wa kuutafuta. Iwashe.

Si kila upotevu ni wa macho, hilo nalikubali. Mwaka 2019 Myspace ilikiri kwamba muziki uliopandishwa kwake kabla ya 2016 ulikuwa umepotea wakati wa kuhamisha mitambo. Hesabu iliyotajwa ilikuwa nyimbo milioni 50 za wasanii milioni 14. Baadaye Internet Archive ilipokea na kufungulia umma takriban nyimbo 490,000, chini ya moja katika kila mia, nazo hazikutoka Myspace: watafiti fulani walikuwa wamezinakili miaka ya nyuma kwa kazi yao nyingine. Hakuna ufundi wa orodha wala wa herufi za diski ambao ungezirudisha zilizobaki. Kwa rekodi isiyo na mfano wake popote, nakala ya pili inatakiwa iwe kwenye kifaa kingine, kwa umbo la faili la kawaida lisilofungwa na programu ya mtu, na iwe imefunguliwa na kusikilizwa mpaka mwisho angalau mara moja kabla kadi ya zamani haijaguswa.