Gemu "kamili" ni ipi? Soma kabla hujampa mama karanga vile vijitabu

Leo naongea na sisi tunaouza vitu used vya elektroniki, hasa ukikutana na CD au kaseti za gemu za zamani kwenye mzigo. Kama unauza nyanya soma tu, huenda una mdogo wako mwenye kibanda cha gemu.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Nilinunua boksi la gemu za PS1 na PS2 kwa jamaa anayefungua kontena za mizigo ya Uingereza. Zilikuwa 64, nyingi zina makava yake, vijitabu, na makaratasi mengine ambayo sikuyaangalia hata mara moja. Sasa duka langu ni fremu ndogo, ukinyoosha mikono unagusa ukuta huku na huku. Makava 64 yanakula shelfu nzima, na shelfu yenyewe ndiyo ya rimoti na chaja, vitu vinavyonilipia kodi. Nikafanya nilichoona ni akili: nikatoa CD zote nikazipanga kwenye ile pochi ya zipu, makava nikampa kijana anayeokota plastiki, vijitabu akachukua mama anayeuza karanga pale kituoni. Kama wiki mbili hivi watu wa mtaani kwetu walikuwa wanakula karanga zilizofungwa kwenye maelekezo ya Gran Turismo 3. Mimi mwenyewe nilinunua za mia mbili, nikakuta picha ya gari.

Haukupita mwezi akaja kaka mmoja, aliishi Uingereza miaka mingi, amerudi nyumbani. Akaniuliza, "Mdogo wangu, hizi gemu zako ni kamili?"

Nikamjibu kwa kujiamini, "Kamili kabisa kaka, hakuna hata moja iliyokwaruzwa, zote zinacheza mpaka mwisho."

Akacheka. Akafungua pochi, anapindua taratibu, akafika kwenye Silent Hill 2 akasimama. "Kava lake liko wapi? Lile la karatasi ngumu? Na DVD ya pili?" Ile gemu ilivyotoka Ulaya mwaka 2001 ilikuja na DVD nyingine inayoonyesha jinsi gemu ilivyotengenezwa. Hiyo DVD niliiona, nikajua ni filamu, nikaiweka kwenye sanduku la filamu za buku buku. Ikanunuliwa siku hiyo hiyo.

Kaka akanipa 25,000 kwa CD tupu. Nikamuuliza ingekuwa na vyote ungetoa ngapi? Akasema 120,000, bila kufikiri. Fanyeni hesabu wenyewe. Boksi zima la gemu 64 nilinunua 150,000.

Ndiyo siku niliyojua kwamba mimi na yeye tulikuwa tunatumia neno moja kwa maana mbili. Kwangu mimi kamili ni CD inayocheza. Kwa mtu anayekusanya gemu, kamili ni kila kitu kilichowekwa ndani kiwandani siku ile gemu inafungwa. Kucheza ni suala jingine kabisa, unaliangalia pembeni.

Wakusanyaji wa Marekani, Ulaya na Japani wengi wanakubaliana kwenye vitu vitatu: boksi au kava lake, kijitabu cha maelekezo, na gemu yenyewe. Kikikosekana kimoja si kamili, na bei inashuka. Ila ukiishia kwenye hivyo vitatu bado utaumia, kwa sababu kila mashine na kila gemu ina mambo yake.

Chukua PS1. Ile picha ya mbele unayoiona kwenye kava mara nyingi si karatasi ya kava, ni kijitabu chenyewe kimechomekwa pale. Ukikitoa, mbele hakuna kitu. Kwa hiyo PS1 isiyo na kijitabu unaijua kwa macho ukiwa mbali. PS2 ni tofauti: picha ni karatasi iliyo nje chini ya nailoni, kijitabu kiko ndani, kwa hiyo kava linaweza kuonekana zuri kumbe ndani ni upepo. Fungua kila moja. Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka 2004, ambayo kila mtu mtaani anaijua, ya PS2 ilikuja na ramani kubwa ya kukunjua. Wenye gemu wengi walizibandika ukutani, ndiyo maana ukipata yenye ramani usiichukulie poa.

Za kaseti ndio balaa, kwa sababu nyingi boksi lake ni karatasi. Gemu za Nintendo ya kwanza, NES, zilizouzwa Marekani kuanzia 1985, kaseti ilikuwa inavalishwa mfuko mweusi wa plastiki wa kuzuia vumbi. Mfuko hauna maandishi ya maana, mtu anautupa. Mkusanyaji anautafuta. The Legend of Zelda iliyotoka Marekani 1987 ilikuwa na kaseti ya rangi ya dhahabu, boksi lina kidirisha ili kaseti ionekane, na ndani kuna ramani. StarTropics ya 1990 iliwekewa barua ya karatasi. Mchezo unafika mahali unakwambia uilowanishe barua kwa maji, zinatokea namba unazohitaji ili uendelee. Sasa fikiria, barua ambayo gemu yenyewe imekuamuru uilowanishe, leo mtu anailipia hela nzuri ikiwa kavu!

Kuna nyingine nikiielezea watu wanabisha: EarthBound ya Super Nintendo, Marekani, 1995. Ilikuja kwenye boksi kubwa kuliko kawaida, ndani kuna kitabu kizima cha mwongozo, na kitabu hicho ndicho maelekezo yenyewe. Mtu asiyejua anaweza kukukatalia anakwambia "kijitabu kimepotea". Hakijapotea, hakikuwepo. Na kitabu hicho kilikuwa na kadi za kukwaruza na kunusa, ndiyo, kunusa. Kwa hiyo mwenye EarthBound anaulizwa hata kama kadi zimeshakwaruzwa.

Halafu kuna Metal Gear Solid ya PS1, 1998. CD mbili, na namba ya redio ya kumpata Meryl, 140.15, imechapwa nyuma ya kava la gemu. Aliyekuwa na CD ya kuchoma bila kava alikuwa anakwama pale anahangaika mpaka aambiwe na mwenzake. Nikiambiwa kava ni takataka siku hizi natoa mfano huu.

Za Japani zina utepe wa karatasi unaokumbatia ubavu wa kava, wenyewe wanauita obi. Ni kikaratasi chembamba, ukifungua kava kinadondoka chini. Wakusanyaji wengi wa gemu za Japani bila obi hawakubali uiite kamili.

Na usikimbilie kusema kila gemu lazima iwe na kijitabu. Ubisoft walitangaza mwaka 2010 kwamba wanaanza kuacha vijitabu vya karatasi, na kampuni nyingine nazo zikafuata. Kwa hiyo gemu ya PS3 au Xbox 360 inaweza kuwa na CD na kava tu na ikawa kamili kabisa. Ndiyo maana kabla sijasema neno lolote natafuta kwanza mtandaoni picha za gemu ile ile, ya nchi ile ile, ikiwa imefunguliwa na kila kitu kimepangwa mezani. Dakika tano tu.

Wakusanyaji wenyewe kwa wenyewe wanabishana. Wapo wanaotaka mpaka kadi ya usajili na vikaratasi vya matangazo. Wapo wanaosema matangazo ni matangazo, leta boksi, kijitabu na gemu tumalize. Mimi kwa upande wangu nimeamua kutoingia kwenye ubishi wao. Naandika kilichopo, kimoja kimoja, mteja aamue mwenyewe anaitaje.

Ila hapo sijafika kirahisi. Kuna kosa la pili, na hili liliniuma kuliko la kwanza kwa sababu halikuwa la kutojua.

Mzigo uliofuata nilipata kava safi sana la Gran Turismo 3, toleo la kwanza, na kijitabu ndani, ila CD hakuna. Boksi hilo hilo nikapata Gran Turismo 3 nyingine, kava limepasuka, CD nzima. Hii ya pili ilikuwa toleo la Platinum, yaani zile zilizochapwa tena baadaye kwa bei ya chini, Ulaya zikawa na jalada la rangi ya fedha. Nikachukua CD nikaiweka kwenye kava safi. Nikampigia yule kaka: "Kaka, leo ninayo kamili."

Alikuja kutoka mbali, foleni yote hiyo. Akafungua, akaangalia CD kama sekunde tatu. "Hii CD si ya kava hili."

Nilijaribu kujitetea, nikasema gemu si ni ile ile? Akaniambia kwa upole tu: "Mdogo wangu, ungeniambia kwenye simu kwamba umeunganisha, ningenunua hivyo hivyo kwa bei yake. Mimi nyumbani nina CD ya kwanza isiyo na kava." Yaani kava lile ndilo alilokuwa analitafuta! Akaondoka bila kununua kitu, na miezi kama minne hakupokea simu zangu. Kuunganisha vipande si dhambi, wakusanyaji wenyewe wanafanya kila siku. Ila vipande viwe vya toleo moja, na useme umeunganisha.

Namna ya kukagua si ngumu. Gemu za PlayStation zina namba, herufi nne na tarakimu tano. Ulaya inaanza na SLES au SCES, Marekani SLUS au SCUS, Japani SLPS, SLPM au SCPS. Namba iko kwenye CD, na iko kwenye kava pia. Zisipofanana, umechanganya. Zikifanana bado angalia kwa macho kama moja ni Platinum na nyingine siyo. Kwa PS1 geuza CD: halisi ina rangi nyeusi upande wa chini. Ukikuta nyeupe au kijani, jiulize mara mbili kabla hujatoa hela.

Na hapa kuna kishawishi. Jirani yangu ana steshenari, anatoa karatasi ya rangi kwa 500. Karatasi ya kava ya San Andreas unaipakua, unaprinti, unaikata, kwa mbali huwezi kujua. Naprinti, sikatai, kwa wateja wanaotaka CD ikae pazuri tu. Ila nyuma ya karatasi naandika kwa kalamu "nakala", na kwenye tangazo nasema. Siku karatasi yako ya 500 ikiuzwa kama halisi, mnunuzi ataigundua kwa kidole tu, karatasi ya kiwandani haishikiki vile.

Siku hizi mzigo ukifika sitenganishi kitu. Kila gemu inaingia kwenye mfuko wake wa nailoni na kila kilichokuwa ndani, hata kipande cha tangazo. Stika ya bei inakaa kwenye nailoni, kamwe si kwenye boksi la karatasi, maana ukiibandua inatoka na picha. Za maboksi naziweka juu, mbali na ukuta unaotoa unyevu, na mbali na mlango, kwa sababu jua la saa nane linafifisha rangi ya ubavu hasa nyekundu. Mende nao wanapenda gundi ya maboksi kuliko sisi tunavyopenda chipsi.

Tangazo langu sasa linasomeka hivi: "Silent Hill 2, PS2, Ulaya. Kava la karatasi lipo, kona moja imechubuka. CD ya gemu ipo, mikwaruzo midogo, nimeijaribu inacheza. Kijitabu kipo. DVD ya pili HAIPO." Na picha mbili, moja imefungwa, moja kila kitu kimetandazwa juu ya kitambaa. Wanaoniuliza maswali wamepungua, na wanaokuja wanakuja na hela. Yule kaka naye amerudi.

Ndiyo, nimepata Silent Hill 2 nyingine, na hii nayo haina DVD ya pili. Kwa hiyo kama uko mtaani kwetu na uliwahi kununua kwangu filamu ya buku isiyoeleweka, inaonyesha watu wamekaa kwenye kompyuta wanatengeneza gemu ya kutisha, tafadhali njoo nayo. Naitoa kwa elfu kumi na soda juu.