Je, Wajua? Mshairi, Jembe na Ghala

Je, wajua kwamba Mmarekani Ezra Pound (1885–1972), mmoja wa waasisi wa ushairi mpya wa Kiingereza, aliumiza kichwa miaka mingi kwa mambo ya kodi, riba na mavuno? Aliamini kwamba riba ikishatawala nchi, hata sanaa huoza.

Je, wajua kwamba mwalimu wake mkuu alikuwa Confucius, mwanafalsafa wa China aliyefariki mwaka 479 kabla ya Kristo? Pound alianza kuchapisha tafsiri zake mwaka 1928. Mwaka 1940 akatoa tenzi kumi kuhusu wafalme wa China, akiwapima kwa kuuliza kama mkulima alishiba. Mojawapo inafuata kalenda ya kale inayoeleza kazi za kila mwezi, shambani na ikulu.

Je, wajua kwamba Mencius, mfuasi wa Confucius, alipendekeza ardhi igawanywe vipande tisa? Familia nane zingechukua kimoja kimoja. Cha katikati wangekilima wote kwa ajili ya serikali, tena kabla hawajagusa vyao. Wazee wa Itilima na Maswa, hapa mkoani Simiyu, walioshika jembe kwenye shamba la kijiji miaka ya 1970 hawahitaji kuelezwa zaidi.

Je, wajua kwamba China ilikuwa na maghala ya kusawazisha bei tangu mwaka 54 kabla ya Kristo? Serikali ilinunua nafaka bei inaposhuka na kuuza inapopanda. Mwaka 1911 Chen Huan-chang alichapisha New York kitabu kuhusu uchumi wa Confucius. Henry Wallace, aliyekuja kuwa waziri wa kilimo wa Marekani, aliusoma mpango huo humo, na ukaingia katika sheria ya kilimo ya mwaka 1938. Kwetu, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ulianzishwa mwaka 2008, na una kanda Shinyanga.

Ni lazima niseme na hili: Pound alimshangilia Mussolini, dikteta wa Italia, na kuwatukana Wayahudi redioni wakati wa Vita Kuu ya Pili. Uchungu juu ya mkulima hauifuti dhambi hiyo.

Je, wajua kwamba kwetu Usukumani mshairi alitunga akiwa shambani penyewe? Vikundi vya kulima vilipanga mstari, manju akaanza, wengine wakaitikia, na wimbo ndio ulioamua jembe lishuke lini. Waliopitwa na mwendo walitajwa humo humo. Ngoma ya Bagobogobo bado inachezwa na majembe mkononi, yakirushwa na kudakwa. Baada ya mavuno, Bagika na Bagalu, vyama vya ngoma vilivyoasisiwa na Ngika na Gumha, hucheza kwa wakati mmoja uwanja mmoja. Anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Sijui mashindano ya mashairi yenye hakimu wa haki kuliko umati huo. Frank Gunderson, mtafiti wa muziki kutoka Marekani, alichapisha mwaka 2010 kitabu kinene cha nyimbo za kazi za Wasukuma. Kiwepo katika kila maktaba ya shule ya Simiyu!

Je, wajua kwamba ushirika wa pamba wa Kanda ya Ziwa ulizaliwa kwenye mzani? Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima, wakiwa wamechoka kupunjwa uzito, walidai wapimaji wao wenyewe vituoni. Mwaka 1955 ikaundwa Victoria Federation, shirikisho la vyama vya ushirika, chini ya Paul Bomani. Wanachama wa AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika) wanaopeleka pamba leo Bariadi na Meatu ni wajukuu wa madai hayo.

Je, wajua kwamba mmoja wa washairi wa kwanza kuacha vina na mizani katika Kiswahili alitoka Kanda hiyo hiyo ya Ziwa? Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944. Tofauti na Pound, yeye alisoma wanafalsafa wa Ulaya badala ya Confucius, na Ujamaa ukawa shamba lake la maswali. Diwani yake *Kichomi* ilitoka mwaka 1974, mwaka ule ule Operesheni Vijiji ilipohamisha watu mkoani Shinyanga, ambamo sehemu kubwa ya Simiyu ya leo ilikuwamo hadi 2012. Miaka mitano baadaye riwaya yake *Gamba la Nyoka* ikasimulia wanakijiji wanaokataa kuhamishwa. Tamthilia yake *Kaptula la Marx*, aliyoiandika mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970, ilisubiri hadi 1999 kuchapishwa.